Paka Wako ni wa Aina Gani? Ulinganisho wa Michoro ya Manyoya na Mbegu Zinazofananishwa Nayo

Wafugaji wa paka huchanganya maswali mawili yanayostahili kujibiwa kila moja peke yake. Swali la kwanza ni la mchoro: manyoya ya paka huyu yana milia, mabaka, madoadoa, au ni ya rangi moja? Swali la pili ni la mbegu: paka huyu ametokana na ukoo upi ambao wafugaji wameutunza na kuuandika kizazi baada ya kizazi? La kwanza linaweza kujibiwa na mtu yeyote mwenye macho mazima aliyesimama kwenye mwanga wa kutosha. La pili, kwa paka wengi mno wa Afrika Mashariki na hata wa Ulaya, lina jibu moja tu, kwamba paka huyo ni wa kienyeji na hana mbegu yoyote iliyosajiliwa. Makosa huanza pale mwenye paka anapolichukua jibu la swali la kwanza na kuligeuza jibu la pili, akaona madoa akasema Bengal, akaona kijivu akasema paka wa Urusi, akaona manyoya marefu akasema paka wa Kiajemi. Kanga ya aina moja huvaliwa na wanawake wawili wasio na udugu wowote, na mchoro wa manyoya hauna uzito zaidi ya huo katika kuthibitisha nasaba.

Kosa hilo lina gharama. Muuzaji anayekiita Bengal kitoto cha paka chenye madoa hudai fedha nyingi kwa mnyama ambaye jirani angempa mtu bure. Mashirika mengi ya ndege huweka masharti makali kwa paka wenye uso bapa, na huyaweka kwa jina la mbegu. Daktari wa mifugo naye, akiambiwa kuwa paka ni wa Kiajemi, huanza kuyafikiria maradhi ya figo ambayo kwa paka wa kienyeji asingeyapa nafasi ya kwanza.

Michoro minne na kinachoileta

Paka wote wenye mchoro wana jambo moja la pamoja: katika sehemu zao za rangi hafifu, kila unywele una pete za giza na za mwanga zinazopishana kuanzia shinani hadi ncha. Jeni inayoruhusu pete hizo ikikosekana, unywele huwa wa giza mwanzo hadi mwisho na paka huonekana mweusi mtupu. Mchoro wenyewe huwa umo ndani yake ingawa umefunikwa, na ndiyo sababu vitoto vyeusi huonyesha milia ya kivuli vikiwekwa juani na kisha huipoteza vikikua. Paka wa rangi ya chungwa ni tofauti, kwa kuwa rangi hiyo haizuiliwi na jeni ya weusi, na hivyo hakuna paka wa chungwa asiye na dalili ya mchoro, hata kama muuzaji anasema ni wa rangi moja.

Alama inayofanana na herufi M kwenye paji la uso hutajwa mara nyingi kuwa ishara ya mbegu bora. Zipo hekaya za Waislamu zinazoihusisha na Mtume, na za Wakristo zinazoihusisha na Maryamu, lakini alama hiyo hupatikana kwa paka wenye mchoro kwa ujumla, awe wa jalalani au wa maonyesho, kwa hiyo haifai kabisa katika kazi ya kutofautisha mbegu.

Mchoro wa milia ndio wa kale zaidi. Milia myembamba hushuka ubavuni kutoka mstari mmoja wa giza unaopita juu ya uti wa mgongo, na ndivyo alivyo paka mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye ndiye chimbuko la paka wote wafugwao. Mchoro wa mabaka una mistari mipana inayojizungusha ubavuni hadi kufanya duara au umbo la konokono, pamoja na alama ya mabawa ya kipepeo juu ya mabega. Huu ni mgeni kwa kulinganisha: uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya paka uliochapishwa mwaka 2017 uliuona kwa mara ya kwanza katika karne ya 14, kwenye eneo la Uturuki ya leo, na ukaonyesha kwamba ulienea sana baadaye. Utafiti mwingine wa mwaka 2012 ulikuwa umekwisha kuibainisha jeni inayotenganisha milia na mabaka, na ukagundua kwamba jeni hiyo hiyo ndiyo inayompa duma wa aina ya mfalme mistari yake mipana isiyo ya kawaida.

Kwa mwenye paka, jambo la maana kuliko historia hiyo ni kwamba mabaka hujitokeza tu ikiwa mtoto ameyarithi kwa mama na kwa baba. Paka wawili wenye milia wanaweza kumzaa mtoto wa mabaka bila dume wa kigeni kupita uani. Ufafanuzi huo ungezima porojo nyingi za majirani, na ungezima pia madai ya muuzaji kwamba kitoto kimoja katika kundi ndicho "kilichochukua damu ya kizungu".

Madoadoa mara nyingi ni milia iliyokatikakatika, na ukimtazama paka wa kienyeji mwenye madoa kwa makini utaona yamepangwa kwa kufuata njia ambazo milia ingepita. Mchoro wa nne ni ule wa chembe, ambamo mwili hauna mlia wala doa lakini kila unywele una pete kadhaa, hivyo paka mzima anaonekana kama aliyenyunyiziwa unga wa giza. Jeni inayouleta ilitambuliwa mwaka 2021. Paka aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hubaki na milia miguuni na mkiani, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili karibu hana kabisa, tofauti ndogo ambayo itatufaa hapo mbele.

Sokoke na paka wa mabaka wa mtaani

Ulinganisho huu unatuhusu moja kwa moja, kwa sababu Sokoke ni mbegu iliyotoka pwani ya Kenya. Mwaka 1978 mwanamke aitwaye Jeni Slater aliokota vitoto vya paka katika shamba la minazi karibu na Watamu, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, na Wagiriama wa eneo hilo walikuwa wakiwajua paka wa namna hiyo kwa jina la kadzonzo. Baadhi ya wazao wao walipelekwa Denmark katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 FIFe, shirikisho la vyama vya paka la Ulaya, likaitambua mbegu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 paka wengine walichukuliwa kutoka eneo lile lile ili kuongeza damu mpya, kwa kuwa wale wa kwanza walikuwa wachache mno na walianza kuzalishana ndugu kwa ndugu.

Sokoke na paka wa mabaka wa Kariakoo au Kongowea wote wana mchoro wa mabaka, na ukiwatazama kwa mbali huwezi kuapa yupi ni yupi. Ukisogea karibu unaona tofauti ya kwanza. Kwa paka wa mtaani baka jeusi huwa jeusi kote, ilhali kwa Sokoke baka lenyewe lina nywele zenye pete zilizochanganyika na nyeusi, hivyo weusi wake unaonekana umepauka kwa ndani na kukolea ukingoni. Wafugaji huufananisha mchoro huo na ule unaoonekana kwenye ubao uliopasuliwa.

Tofauti ya pili iko kwenye umbo, nayo ina uzito zaidi. Sokoke ni mwembamba mwenye misuli, ana miguu mirefu, na ile ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, jambo linalompa mwendo wa kama anayetembea kwa ncha za vidole. Kichwa chake ni kidogo kwa kulinganisha na mwili, masikio yamesimama wima, macho ni ya rangi ya kaharabu hadi kijani hafifu, na manyoya ni mafupi yaliyolala juu ya ngozi bila tabaka laini la chini. Paka wa mtaani anaweza kuwa na moja au mawili kati ya hayo. Njaa humfanya paka yeyote awe mwembamba na aonekane na miguu mirefu, kwa hiyo umbo la paka aliyekonda halipaswi kupimwa mpaka ale vizuri kwa miezi michache.

Hata hivyo, mtu wa Malindi au Gede anayemkuta paka mwenye sifa zote hizo kichakani hawezi kumwita Sokoke aliyesajiliwa. Anaweza kusema kwamba anafanana na wale ambao mbegu ilianzia kwao, na pengine ni kweli kwamba wana babu mmoja, lakini jina la mbegu huthibitishwa na daftari la wazazi wake, ambalo paka huyo hana. Ninaona hili si dharau kwake. Kilichofanyika Denmark ni kuchukua paka wachache wa Watamu na kuanza kuandika majina ya watoto wao, na wale waliobaki Watamu hawakupungukiwa na chochote isipokuwa karani.

Paka wa Lamu wamo katika mjadala wa namna hiyo. Wageni huambiwa kwamba paka wa kisiwani humo, kwa shingo zao ndefu na miili yao myembamba, ni wazao wa moja kwa moja wa wale waliochorwa katika makaburi ya Misri ya kale. Mji wa bandari uliopokea majahazi kwa karne nyingi umepokea pia paka wa majahazi kutoka pande zote za Bahari ya Hindi, na wembamba hupatikana kwa paka wa nchi zote za joto. Kufanana na picha ya ukutani ni ushahidi mwepesi sana wa nasaba.

Kihabeshi na paka wa chembe

Paka wa Kihabeshi ndiye anayewakilisha mchoro wa chembe duniani kote, na jina lake huwafanya watu wa Afrika Mashariki wadhani kwamba kila paka wa rangi ya sungura aliyezaliwa upande huu ni wa ukoo huo. Inasimuliwa kwamba paka aitwaye Zula alipelekwa Uingereza mwaka 1868, vita vya Waingereza dhidi ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia vilipomalizika, na kwamba ndiye aliyeipa mbegu jina lake. Uchunguzi wa vinasaba, hata hivyo, unaelekeza zaidi kwenye pwani za Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki kuliko kwenye milima ya Ethiopia.

Katika kuwatofautisha, angalia miguu na mkia kwanza. Kihabeshi halisi hana milia hapo, kwa sababu ameirithi jeni ya chembe kwa wazazi wote wawili kwa vizazi vingi, ilhali paka wa kienyeji wa chembe mara nyingi huwa na bangili za giza miguuni na pete mkiani. Kisha tazama kichwa: Kihabeshi ana masikio makubwa yaliyoelekea mbele, macho ya umbo la lozi yaliyozungushiwa wanja mweusi, na rangi iliyokolea kuelekea wekundu wa udongo. Paka wa kienyeji mwenye chembe huelekea kijivu au kahawia iliyofifia.

Bengal, Mau, na madoa ya kawaida

Hakuna jina linalotumiwa vibaya sokoni kama Bengal. Mbegu hii haikutoka Bengali wala haikuwahi kuishi mtaani popote. Iliundwa Marekani, hasa kwa juhudi za Jean Mill wa California, kwa kumchanganya paka wa nyumbani na chui-paka wa Asia, Prionailurus bengalensis, na TICA, chama cha kimataifa cha paka, kikaikubali kama mbegu mpya mwaka 1986. Madume ya vizazi vya mwanzo huwa tasa, na kuipata mbegu thabiti kulihitaji kupandisha majike kwa vizazi kadhaa. Kitoto cha mitaani hakiwezi kuwa Bengal kwa bahati, kama vile kisivyoweza kuzaliwa na cheti.

Doa la Bengal bora ni la rangi mbili, yaani lina kiini cha kahawia kilichozungukwa na ukingo mweusi, mfano wa doa la chui. Tumbo lake nalo lina madoa, na manyoya yake hung'aa juani kana kwamba yamepakwa mafuta. Paka wa kienyeji ana doa la rangi moja, nukta ndogo iliyojaa, na madoa yake yamejipanga kwa safu. Ukiona doa lenye kiini una sababu ya kuuliza habari za wazazi wake, na ukiona nukta zilizojaa huna sababu ya kuongeza hata shilingi moja juu ya bei ya paka wa kawaida.

Mau wa Misri ni tofauti na Bengal kwa kuwa madoa yake ni ya asili. Paka wenye madoa wapo Cairo mpaka leo, na mbegu iliyosajiliwa ilianza na wachache ambao Nathalie Troubetskoy alihamia nao New York mwaka 1956. Alama zake ni macho ya kijani kibichi hafifu, madoa yaliyotawanyika bila safu, na ngozi iliyolegea inayoanzia ubavuni hadi kwenye goti la mguu wa nyuma. Wasomaji walioko Omani na nchi nyingine za Ghuba watasikia zaidi habari za Mau wa Arabuni, ambaye shirikisho la WCF lilimtambua mwaka 2008. Huyu hakuchaguliwa kwa mchoro, kwani anaruhusiwa rangi nyingi, na paka wa vichochoro vya Muscat anaweza kufanana naye katika kila kitu. Hapo tena kinachowatenganisha ni maandishi.

Kijivu, ncha nyeusi, na manyoya marefu

Paka wa kijivu kitupu ni paka mweusi ambaye jeni moja imeusambaza weusi wake kwa mafungu badala ya kuujaza sawasawa ndani ya unywele. Jeni hiyo imeenea kote duniani. Mbegu nne hujulikana kwa rangi hiyo, nazo hutambuliwa kwa macho na umbo. Paka wa Urusi ni mwembamba, macho yake ni ya kijani na manyoya yake ni mazito ya tabaka mbili yenye ncha za kung'aa. Korat wa Thailand ana macho ya kijani pia, lakini uso wake una umbo la moyo na manyoya ni ya tabaka moja. Chartreux wa Ufaransa na British Shorthair wote wana macho ya dhahabu au shaba, na wa Uingereza ndiye mnene wa mashavu. Paka wa kijivu mwenye kifua cheupe au soksi nyeupe hayumo kati ya hao wanne kwa viwango vya kawaida vya mbegu hizo, isipokuwa British Shorthair wa rangi mbili, ambaye unene wake utamtambulisha kabla ya rangi.

Mchoro wa paka wa Siam, wa mwili hafifu na uso, masikio, miguu na mkia vya giza, unatokana na kimeng'enya kinachotengeneza rangi mahali palipo na baridi tu. Vitoto huzaliwa vyeupe kwa sababu tumbo la mama lina joto, kisha ncha za mwili huanza kukolea. Kwa utaratibu huo huo paka aliyekulia Mombasa anaweza kubaki na mwili mweupe zaidi kuliko ndugu yake aliyekulia Limuru, na mahali palipowahi kunyolewa kwa upasuaji panaweza kuota manyoya ya giza kwa muda. Jeni hii hufichika kwa wazazi wanaoibeba na kuibuka ghafla kwa watoto, na imo ndani ya paka wa kienyeji wa miji mingi ya bandari. Siam wa vyama vya leo ana kichwa cha pembetatu kali, masikio makubwa mno na mwili mrefu kama bomba. Paka mwenye ncha nyeusi na macho ya buluu lakini mwenye kichwa cha mviringo kwa kawaida ni wa kienyeji aliyerithi rangi ya Siam, na hilo linatosha kumweleza.

Manyoya marefu nayo huja kwa kurithiwa pande zote mbili na hujitokeza kwa paka wa kienyeji. Paka wa Kiajemi hutambuliwa kwa uso: pua fupi iliyozama kati ya macho, kichwa cha duara, masikio madogo yaliyo mbalimbali, miguu mifupi. Ikiwa paka ana manyoya marefu na pua ya kawaida, basi kwa kawaida ni wa kienyeji mwenye manyoya marefu, au chotara, na kama hana mzazi wa Kiajemi hakuna haja ya kumhofia maradhi ya Kiajemi. Hapa kuchagua kwa usahihi kuna faida ya afya, maana uso bapa huleta taabu ya kupumua wakati wa joto na machozi yasiyokauka, na ukoo wa Kiajemi umebeba kwa wingi ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji, ambao kipimo cha kijeni kipo kwa ajili yake. Maine Coon wa Marekani na paka wa misitu ya Norway hutofautishwa kwa kuwatazama uso kutoka pembeni: wa Marekani ana mdomo wa mraba na pua yenye mbonyeo kidogo, wa Norway ana uso wa pembetatu na pua iliyonyooka.

Kuna mambo matatu mengine yanayodhaniwa kuwa mbegu. Paka wa rangi tatu ni jike karibu kila mara, kwa sababu jeni ya chungwa imekaa kwenye kromosomu X na jike ana mbili, na rangi hizo humpata paka wa mbegu yoyote au asiye na mbegu. Paka mweupe mtupu ana jeni inayofunika rangi nyingine zote, na akiwa na macho mawili ya buluu kuna uwezekano mkubwa kwamba hasikii, kwa hiyo mnunuzi asimame nyuma yake na kupiga makofi aone kama atashtuka, kabla ya kumnunua. Masikio yaliyokunjika ndiyo pekee kati ya hayo matatu yanayoelekeza kwenye mbegu, ile ya Scottish Fold, iliyotokana na paka Susie wa Scotland mwaka 1961. Jeni inayokunja sikio huharibu gegedu za mwili mzima na kuumiza viungo, na chama cha GCCF cha Uingereza kiliacha kumsajili. Mimi ningemshauri mtu asimnunue.

Jicho, karatasi, au kipimo cha vinasaba

Njia tatu za kuthibitisha hutofautiana kwa kile zinachoweza kujibu, na kosa la kawaida ni kuitumia moja kwa swali la nyingine.

Jicho hutosha kwa mchoro, rangi, urefu wa manyoya na umbo, mradi paka awe amekomaa. Vitoto vyote huanza na macho ya buluu, na rangi ya kudumu hukaa sawasawa vikifika miezi mitatu au minne, hivyo kitoto cha wiki sita kinachouzwa kwa sifa ya macho ya buluu kinauzwa kwa sifa ambayo huenda kitaipoteza. Jua nalo hudanganya: manyoya meusi ya paka anayeshinda juani hupauka yakawa ya hudhurungi, na watu wakadhani ni rangi adimu.

Karatasi ndiyo njia pekee inayojibu swali la mbegu kwa ukamilifu, kwa sababu mbegu, kama inavyoeleweka tangu Harrison Weir alipoandaa maonyesho ya paka katika Crystal Palace ya London mwaka 1871, ni ukoo ulioandikwa. Cheti cha nasaba hutaja majina na namba za wazazi na mababu wa vizazi kadhaa, na hutolewa na chama kinachotambulika, kama CFA cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1906, TICA, FIFe au GCCF. Kadi ya chanjo ambayo daktari ameandika Bengal kwa kuambiwa na mwenye paka haina hadhi hiyo. Mnunuzi alinganishe namba ya chipu, kidude cha utambulisho kilichopandikizwa mwilini mwa paka, na ile iliyo kwenye cheti, na aandikie chama husika kuuliza namba ya usajili kabla ya kulipa. Muuzaji anayesema cheti kitafuata baadaye achukuliwe kuwa hana cheti.

Kipimo cha vinasaba kwa usufi unaosuguliwa ndani ya shavu la paka hufanya kazi mbili zinazotofautiana kwa uhakika. Katika kazi ya kwanza, kutafuta jeni moja moja za rangi, urefu wa manyoya au ugonjwa, kipimo hiki kinaaminika sana. Katika ya pili, kukadiria asili, maabara kama ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hulinganisha sampuli na za mbegu na maeneo zilizomo kwenye hifadhi yake, kisha hueleza inafanana zaidi na nani. Kufanana huko husomwa vibaya. Mbegu nyingi zina umri wa chini ya miaka 150 na zilichotwa kutoka kwa paka wa kienyeji wa mahali fulani, kwa hiyo paka wa Tanga anayeambiwa ana sehemu ya Kihabeshi huenda hana babu yeyote wa Kihabeshi, ila yeye na Kihabeshi wamechota kwenye kisima kimoja cha Bahari ya Hindi. Paka wa kienyeji hakutokana na mchanganyiko wa mbegu zilizosajiliwa, kwani yeye alikuwepo kabla yao.

Kwa anayetaka kujaza fomu tu, ya daktari au ya kusafirisha paka kwenda Ulaya au Ghuba, ningechagua jicho na kuacha fedha za maabara mfukoni. Aandike paka wa nyumbani mwenye manyoya mafupi, au marefu, kisha ataje mchoro, rangi ya msingi, sehemu nyeupe na rangi ya macho. Anayelipa bei ya mbegu adai karatasi na asikubali kitu kingine. Kipimo cha vinasaba kimfae anayetaka kuzalisha, au mwenye paka wa uso bapa anayeogopa figo.

Kwa paka wa mabaka au madoa, maelezo hayo yaambatane na picha mbili, moja ya kila ubavu, kwa sababu mchoro wa upande wa kushoto haulingani kabisa na wa kulia, na atakayepata paka aliyepotea ataona upande mmoja tu kabla hajakimbia.